Louis Leakey na Kabari za Kariandusi

Msafiri atokaye Naivasha kuelekea Nakuru, akishaupita mji wa Gilgil, huanza kuteremka, na mkono wake wa kushoto hujitokeza Ziwa Elementaita. Mkono wa kulia, mwendo mfupi kutoka barabara kuu, kuna machimbo ya udongo mweupe mithili ya chokaa uitwao diatomaiti, na jirani ya machimbo hayo ndipo Kariandusi. Hapo mashoka ya mkono ya mawe yameachwa yakilala ardhini jinsi yalivyokutwa. Umri wake hukadiriwa kuwa kati ya miaka 700,000 na 1,000,000. Baadhi yamechongwa kwa lava ya kijivu, na baadhi kwa kioo cha volkeno, jiwe jeusi linalong'aa na lenye makali ya kutisha.

Jina linalofungamana na mahali hapo ni la Louis Seymour Bazett Leakey. Wengi humkumbuka kwa mafuvu ya Olduvai, na shuleni hutajwa katika somo la chimbuko la binadamu, akiandamana na orodha ya miaka na majina ya Kilatini ya kukariri. Kumbukumbu hiyo si ya uongo, ila ina upungufu. Kabla ya kuwa mtafuta mifupa, Leakey alikuwa mwanafunzi wa zana, na aliendelea kuwa hivyo hadi uzeeni. Ni vyema basi maisha yake yatazamwe kwa upande huu ambao vitabu vya kiada huupita kwa haraka.

Wataalamu wa nadharia ya mashine hawajaafikiana kuhusu mahali pa kuanzia hesabu yao. Wanazuoni wa kale wa Kiyunani, akiwemo Hero wa Aleksandria, walihesabu mashine sahili tano: wenzo, kabari, kapi, parafujo, na gurudumu lenye mhimili wake. Kwa hesabu hiyo shoka la mkono ni mashine, maana ni kabari. Nguvu inayoingia kwa upande mnene hugeuzwa na mbavu mbili za jiwe kuwa nguvu ya kusukuma kando, na kinachokatwa hupasuka. Kadiri kabari inavyokuwa nyembamba, ndivyo nguvu ndogo inavyozaa kubwa, lakini pia ndivyo makali yanavyokuwa mepesi kuvunjika. Mjerumani Franz Reuleaux, ambaye kitabu chake cha mwaka 1875 kiliiwekea taaluma hii misingi yake ya kisasa, hakuridhika na hesabu ya Wayunani. Kwake yeye mashine ni viungo vilivyooanishwa, kimoja kikiulazimisha mwendo wa kingine; na alipotafuta mfano wa kale kabisa, alichagua ulindi, ule ufito wa kupekechea moto unaozunguka ndani ya kitundu chake. Kiswahili nacho kina msimamo wake katika mjadala huu. Bunduki ina mtambo, jembe halina. Jembe ni zana tu, hata likiwa na makali kiasi gani.

Leakey hakuandika kitabu cha nadharia ya mashine. Alichofanya ni kuliuliza jiwe maswali ambayo fundi huuliza kuhusu mashine: limeundwaje, lilishikwaje, lilifanya kazi gani, na lingeifanya vizuri kiasi gani? Wakati alipoanza, wengi katika taaluma yake walitosheka kuyapanga mawe kwa sura, kama mtu apangavyo stempu.

Alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903, mwana wa Harry na Mary Leakey, wamishonari wa Kianglikana. Alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akaisema lugha yao kwa ufasaha wa mzawa, akaingizwa katika rika pamoja na vijana wenzake na kupewa jina la Wakaruigi. Akiwa kijana wa kama miaka 13 alisoma kitabu cha watoto kilichosimulia maisha ya watu wa enzi za mawe huko Uingereza, naye akatoka kwenda kutafuta vichwa vya mishale katika mashamba na kingo za njia za Kabete. Kitabu kilisema vichwa hivyo vilitengenezwa kwa gumegume. Kijana hakujua gumegume ni jiwe la namna gani, na hilo likawa bahati yake, kwa kuwa Kabete hakuna gumegume. Akaokota vipande vyeusi vya kioo cha volkeno. Nyumbani alichekwa kwamba ameleta vigae vya chupa, lakini Arthur Loveridge, msimamizi wa jumba la makumbusho la Nairobi, alivitazama na kuthibitisha kwamba baadhi yake vilikuwa zana kweli.

Wakikuyu walikuwa na maelezo yao kuhusu vipande hivyo. Waliviita nyembe za mizimu, zilizoshuka kutoka angani pamoja na mvua, na kwa kweli mvua ndiyo huviosha vikaonekana. Maelezo haya yamezoeleka kutajwa kama ushirikina unaofurahisha. Hata hivyo, jina lenyewe lilikuwa limekwisha kutoa nusu ya jibu. Aliyeviita nyembe alikuwa ametambua kwamba vina makali, kwamba makali hayo ni ya kazi fulani, na kwamba kuna aliyekusudia kazi hiyo. Kilichobaki ni kumtambua mwenye wembe.

Mwaka 1919 Leakey alipelekwa Uingereza kusoma, na mwaka 1922 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Kanuni zilimtaka mwanafunzi afanye mtihani katika lugha mbili za kisasa, naye akachagua Kifaransa na Kikuyu. Chuo kilitaka uthibitisho wa umahiri wake, akaleta hati kutoka kwa Chifu Koinange. Inasimuliwa kwamba ilikuwa vigumu sana kumpata mtahini anayeifahamu lugha hiyo kuliko mtahiniwa mwenyewe. Wapenzi wa lugha za Kiafrika watafurahia kisa hiki, na wana haki. Mwaka 1923 aliumia kichwa akicheza raga, akashauriwa apumzike masomo. Akajiunga na msafara wa Jumba la Makumbusho la Uingereza uliochimba visukuku vya dinosaria huko Tendaguru, kusini mwa Tanganyika. Alirudi chuoni, akahitimu kwa daraja la kwanza mwaka 1926.

Mwaka huohuo aliongoza msafara wake wa kwanza wa akiolojia katika Afrika Mashariki, akapiga kambi katika Bonde la Ufa, kati ya Elementaita na Nakuru. Msafara wa pili ulifuata mwaka 1928 na 1929. Bonde hili lilimfaa. Kingo zake zimepasuka na kuonyesha matabaka ya udongo kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa. Maziwa yake yamejaa na kukauka mara nyingi, yakiacha alama. Na milima yake ya volkeno, hasa Eburru na ile ya pande za Naivasha, ina kioo cheusi kwa wingi. Katika Pango la Gamble, karibu na Elementaita, wachimbaji walishuka mita kadhaa chini ya sakafu na kufikia matabaka yaliyosheheni visu vyembamba vya kioo hicho. Vilichongwa kwa ustadi ambao wanazuoni wa Ulaya hawakuutarajia Afrika. Leakey mwenyewe hakuepuka kasumba za zama zake, maana aliupa utamaduni huo jina la utamaduni wa mapangoni Ufaransa. Baadaye jina hilo liliachwa. Leo unaitwa wa Eburru, kwa jina la mlima ulio jirani.

Mashoka ya Kariandusi yaligunduliwa na watu wa msafara huo wa pili. Hayakuwa visu vyembamba tena, bali mawe makubwa yaliyochongwa pande zote mbili, yenye ncha upande mmoja na mgongo mnene upande wa pili, kizito cha kutosha kiganja. Leakey aliyakadiria kuwa na umri wa makumi ya maelfu ya miaka. Alikosea sana, lakini wakati huo hakuna aliyekuwa na njia ya kupima umri wa majivu ya volkeno. Njia hiyo ilipopatikana, karibu miaka 30 baadaye, ilionekana kwamba mashoka hayo ni ya kale maradufu kadhaa kuliko alivyothubutu kusema, ingawa mwenyewe alikuwa akilaumiwa mara kwa mara kwa kupenda tarakimu kubwa.

Jambo lililomtofautisha na wenzake ni mikono yake. Alijifundisha kuchonga mawe. Aliligonga jiwe kwa jiwe, akavunja na kuharibu, akajifunza pembe ambayo pigo linapasa kuingia nayo ili kibanzi kiruke kikiwa chembamba na mgongo wa jiwe ubaki mzima. Kisha aliitumia zana aliyoiunda. Mbele ya wageni na wanafunzi alimchuna mnyama na kukata nyama yake kwa jiwe alilolichonga muda mfupi kabla, na watazamaji waliokuwa wakidhani kwamba zana ya jiwe ni kitu butu waliondoka na fikra nyingine. Hayo yalikuwa maonyesho, na Leakey alipenda maonyesho, hilo halifichiki. Lakini yalikuwa pia majaribio. Nadharia kwamba jiwe fulani lilikuwa kisu haina uzito mpaka jiwe hilo likate.

Ujuzi huo ndio uliompa ushindi wake wa Olduvai mwaka 1931. Mjerumani Hans Reck alikuwa amefika katika korongo hilo mwaka 1913, akakusanya visukuku vingi, wala hakuona zana hata moja. Leakey aliwekeana naye dau la pauni 10 kwamba angepata zana ndani ya saa 24 za kwanza. Akashinda bila taabu. Zana zilikuwapo zimetapakaa. Reck alikuwa akitafuta gumegume kama la Ulaya, na za Olduvai zilikuwa za lava. Yule kijana wa Kabete asiyejua gumegume ni nini alikuwa amejizoeza tangu mwanzo kutazama jinsi jiwe lilivyopasuliwa, badala ya aina ya jiwe lenyewe.

Mwaka uliofuata ulimletea aibu kubwa kuliko zote za maisha yake. Huko Kanam, katika pwani ya Ziwa Viktoria, mmoja wa watu wake, Juma Gitau, alipata kipande cha taya mwaka 1932, na Leakey akatangaza kwamba ni cha binadamu wa kale mno. Mwanajiolojia Percy Boswell alialikwa aje ajionee mahali penyewe. Alipofika, mwishoni mwa 1934 na mwanzoni mwa 1935, Leakey hakuweza kumwonyesha kwa hakika taya lilitoka wapi. Hakuwa amechora ramani ya kutosha. Vigingi vya chuma alivyovipigilia kama alama vilikuwa vimeng'olewa na wenyeji waliokuwa na haja ya chuma, na picha aliyokwisha kuionyesha Uingereza ilionekana kuwa ya mahali pengine. Boswell aliyachapisha hayo mwaka 1935, na sifa ya Leakey ikaanguka. Fundi mwenye mikono ya ajabu alikuwa amesahau kwamba utafiti hauishii kwenye mikono. Unahitaji vipimo ambavyo mtu mwingine, asiyekuwapo, anaweza kuvirudia.

Anguko hilo lilikuja pamoja na jingine. Ndoa yake na Frida Avern ilivunjika, na mwaka 1936 alimwoa Mary Nicol. Kwa maadili ya Cambridge ya siku zile hilo lilitosha kumfungia milango ya ajira. Lakini kwa taaluma lilikuwa jambo la heri, kwa kuwa Mary alikuwa na kile alichokikosa mumewe. Walijuana kwa sababu ya michoro: Mary ndiye aliyechora zana za mawe katika kitabu cha Louis cha mwaka 1934. Mchoro wa zana ni kama mchoro wa mashine, kila ubavu na kila kovu la pigo lazima lionekane mahali pake na kwa kipimo chake, na Mary hakuvumilia ukaribiaji. Mwaka 1937 na 1938 alichimba Hyrax Hill, karibu na mji wa Nakuru, kwa utaratibu ambao haungemruhusu Boswell yeyote kuuliza swali la mahali.

Wakati huo Louis alikuwa akiandika juu ya mila za Wakikuyu, kazi kubwa iliyokuja kuchapishwa mwaka 1977, miaka mitano baada ya kifo chake, katika majuzuu matatu. Jomo Kenyatta alikuwa amechapisha chake, Facing Mount Kenya, mwaka 1938. Kila mmoja wa watu hao wawili aliamini kwamba anaijua jamii hiyo kutoka ndani, na hawakupatana. Miaka ya dharura, kuanzia 1952, iliutia ufa huo chumvi. Leakey alikuwa mkalimani katika kesi ya Kapenguria. Mawakili wa utetezi walimshutumu kwa upendeleo, naye akajitoa. Mtu hawezi kuyaandika maisha yake kwa haki akiyaruka haya. Aliipenda lugha ya Kikuyu, na katika saa ya mtihani aliitumia akiwa upande wa dola ya kikoloni.

Vita Kuu ya Pili vilimrudisha kwenye mawe. Alisimamia Jumba la Makumbusho la Coryndon, Nairobi, kwanza kwa kujitolea tangu 1941, kisha akiwa na mshahara tangu 1945, akaifungua milango yake kwa watu wa rangi zote katika mji ambao ulitenga karibu kila kitu kwa rangi. Katika siku za mapumziko yeye na Mary walichimba Olorgesailie, upande wa kusini wa Bonde la Ufa, ambako mashoka ya mkono yalikutwa kwa mamia.

Kisha ukaja Januari 1947. Leakey aliitisha Nairobi mkutano wa kwanza wa Afrika nzima juu ya historia ya kabla ya maandishi. Mfaransa Abate Henri Breuil alikuwa rais wake, na Leakey katibu mkuu. Wajumbe kutoka nchi nyingi walisikiliza makala, kisha wakachukuliwa kwenda kuona maeneo ya uchimbaji, Olorgesailie na yale ya Bonde la Ufa upande wa Nakuru. Hadi wakati huo mtafiti wa Rhodesia, wa Kongo, wa Aljeria na wa Kenya kila mmoja alikuwa na istilahi zake. Jiwe lilelile liliweza kuitwa majina manne na watu wanne, na kila mmoja akadhani amegundua kitu kipya. Wanafunzi wa Kiswahili hawahitaji kuelezwa hasara ya istilahi zisizosanifiwa. Mkutano wa Nairobi ulianza kazi ya kuzipatanisha, na mfululizo wake umeendelea. Afrika Kusini ilikuwa tayari kuandaa wa pili, lakini serikali iliyoingia madarakani mwaka 1948 iliuondoa mwaliko huo, na mkutano ukafanyika Algiers mwaka 1952. Kwa kulinganisha, wanazuoni wa mashine na mitambo duniani hawakuunda shirikisho lao la kimataifa mpaka mwaka 1969, huko Poland, lenye wanachama ambao ni jumuiya za watafiti wa nchi mbalimbali. Watafiti wa zana za kale za Afrika waliwatangulia kwa zaidi ya miaka 20.

Jumuiya hiyo, hata hivyo, ilikuwa na kasoro iliyoonekana wazi kwa kila aliyetaka kuiona. Heselon Mukiri, rafiki wa Leakey tangu utotoni, alikuwa naye katika uchimbaji tangu siku za mwanzo, na jicho lake lilitambua visukuku ambavyo wasomi walikuwa wamevikanyaga. Kamoya Kimeu alianza kazi Olduvai mwaka 1960 akiwa kijana, na baadaye akawa miongoni mwa wavumbuzi wakubwa wa visukuku duniani. Watu hawa walishukuriwa katika dibaji za vitabu, lakini juu ya makala za kitaaluma zilizotegemea kazi yao majina yalikuwa ya wengine. Leakey, aliyejua kuliko wenzake kwamba ujuzi wa jiwe hukaa mikononi, hakupata kuivunja kawaida iliyotenga mikono na uandishi. Hilo ni deni, na wala halifutwi na wema wake kwa mtu mmoja mmoja.

Miaka yake ya utukufu inafahamika. Tarehe 17 Julai 1959 Mary aliona fuvu la Olduvai lililopewa jina la Zinjanthropus, na Louis akaharakisha kusema kwamba huyo ndiye aliyeunda zana zilizokutwa karibu naye. Haukupita muda mrefu akayaacha maneno hayo. Kuanzia mwaka 1960 ilichimbuliwa mifupa ya kiumbe mwingine, mwenye ubongo mkubwa zaidi na mifupa ya mkono iliyoelekea kuwa na uwezo wa kushika kwa ustadi. Mwaka 1964 Leakey, Phillip Tobias na John Napier walikitangaza kwa jina la Homo habilis, yaani mtu hodari wa mikono. Kiswahili kina neno linalokaribia zaidi kuliko tafsiri nyingi: fundi. Kwa mara ya kwanza kiumbe aliwekwa katika jenasi ya binadamu huku uwezo wake wa kuunda zana ukihesabiwa miongoni mwa hoja kuu, na wapinzani walikuwa wengi, kwa sababu ufundi haubaki katika mfupa.

Na tazama jinsi hoja hiyo ilivyomgeukia. Mwaka 1960 Leakey mwenyewe ndiye aliyempeleka Jane Goodall Gombe, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, awachunguze sokwe. Kabla ya mwaka huo kwisha, Goodall alimwona sokwe akivunja kijiti, akikipukuchua majani, na kukitumbukiza katika kichuguu ili kuvua mchwa. Ikiwa binadamu ni yule aundaye zana, basi huyo wa Gombe ni nani? Leakey alikiri mara moja kwamba ama maana ya zana, ama maana ya binadamu, ama nafasi ya sokwe ingepasa kufikiriwa upya. Mtu wa kawaida angetetea msingi aliokwisha kuujengea juu. Yeye alionekana kufurahia.

Uzeeni furaha hiyo ilimpotosha. Kuanzia 1964 aliunga mkono uchimbaji wa Calico huko California, akiamini kwamba mawe yaliyopasuka yaliyopatikana katika kina cha ardhi yalikuwa zana za watu wa kale kuliko wote waliowahi kudhaniwa kuishi Amerika. Wengi wa wanazuoni waliyatazama na kusema kwamba yalipasuliwa na maji na shinikizo la mawe mengine. Mary alikuwa miongoni mwa waliokataa, na suala hilo liliongeza umbali kati ya wanandoa hao. Hapa lipo swali gumu la taaluma yenyewe: kabari iliyotengenezwa na mto hukata sawasawa na ile iliyotengenezwa na mtu. Kazi ya jiwe haithibitishi kusudi. Kinachothibitisha ni mpango unaojirudia, jiwe baada ya jiwe, na mpango haupimwi kwa jicho la mapenzi.

Mpango huo ulikuja kupimwa Kariandusi. John Gowlett alirudia kuchunguza eneo hilo katika miaka ya 1970, na mwaka 1994 yeye na Robin Crompton walichapisha uchambuzi wa vipimo vya mashoka yake. Walijiuliza: shoka likikuzwa, je, kila kipimo hukua kwa kiwango kimoja? Hapana. Shoka kubwa si nakala iliyotanuliwa ya dogo. Unene haukui kwa kasi ya urefu. Sababu yake ni ya kimekanika. Ukiongeza urefu, upana na unene mara mbili kila kimoja, uzito huongezeka mara nane, na mkono ni uleule. Mchongaji wa Kariandusi, bila tarakimu wala lugha tunayoweza kuisikia, alilitatua tatizo ambalo mhandisi hulikuta kila anapokuza modeli kuwa mashine. Aidha alitofautisha malighafi: kioo cheusi kilimpa makali yasiyo na mfano lakini kilivunjika upesi, lava ilimpa shoka gumu lisilokuwa kali kiasi hicho. Huo ni uchambuzi ambao Leakey hakuufanya, ila ulitokana na swali lake.

Alifariki London kwa maradhi ya moyo tarehe 1 Oktoba 1972, akiwa na miaka 69, njiani kuendelea na mihadhara ya kuchangisha fedha za utafiti wa wengine. Alizikwa Limuru, karibu na wazazi wake. Mwaka 1977 ilifunguliwa Nairobi taasisi ya kimataifa ya historia ya kale ya Afrika iliyopewa jina lake, na mkurugenzi wake wa kwanza akawa mwanahistoria Mkenya, Bethwell Ogot. Katika miaka hiyohiyo Mkenya mwingine, John Onyango-Abuje, alikuwa akichimba Crescent Island, Naivasha, na kuandika matokeo kwa jina lake mwenyewe. Nje ya jumba la makumbusho la Nairobi iko sanamu ya Leakey. Hakuchongwa akiwa ameshika fuvu. Ameketi, jiwe mkononi, akilichonga.